Msamaha wa ada ya nje ya jimbo Marekani: ukazi, skolashipu, kazi au makubaliano ya majimbo?

Vyuo vikuu vya umma vya Marekani vina bei mbili kwa darasa moja. Mtoto wa jimbo hulipa ada ya mkazi, kwa hoja kwamba kodi za wazazi wake ndizo zinazokiendesha chuo. Aliyetoka jimbo jingine, au Morogoro, au Kisumu, au Bukavu, hulipa ada ya asiye mkazi, na mara nyingi hiyo ni mara mbili au tatu ya ile ya kwanza. Chuo Kikuu cha California, kwa wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza mwaka 2025-26, kiliongeza dola 37,602 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida kwa yeyote asiye mkazi. Hiyo ni nyongeza tu. Chakula, malazi na bima bado.

Kuna njia halali za kuondolewa tofauti hiyo, na kila mwaka kuna vijana wetu wanaolipa bei kamili kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Kuna wengine wanaoambiwa nusu: wanapewa msamaha, wanafurahi, kisha mwaka wa pili unatoweka na familia inaanza kuuza shamba. Ndiyo maana nazilinganisha njia hizi kwa kuuliza kila moja imefungwa kwenye nini, kabla ya kuuliza inapunguza kiasi gani. Msamaha uliofungwa kwenye alama huondoka alama zikishuka. Uliofungwa kwenye kazi huisha na mkataba wa kazi, na ule uliofungwa kwenye kozi fulani huupotezi mpaka siku unayobadilisha kozi, na siku hiyo unaupoteza wote.

Hati yako ya uhamiaji inaamua nusu ya mambo

Kama unakwenda kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, njia ya ukazi karibu majimbo yote imefungwa kwako. Sababu yake si chuki. Viza hiyo umepewa baada ya kumwambia ofisa wa ubalozi kwamba makazi yako ni Tanzania au Kenya na utarudi ukimaliza. Huwezi kumwambia ofisa wa chuo kwamba makazi yako ya kudumu sasa ni Ohio. Kupanga nyumba, kuchukua leseni ya udereva, kufungua akaunti ya benki na kukaa miezi 12 hakubadilishi hilo, ingawa ushauri wa namna hiyo unazunguka sana katika makundi ya WhatsApp. Usipoteze mwaka mzima ukiungoja ukazi ambao sheria haikupi. Elekeza nguvu kwenye skolashipu, kazi ya usaidizi, au chuo chenye bei moja.

Kama una grini kadi, uliipata kwa bahati nasibu ya viza au kwa familia, au uliingia kama mkimbizi, au umepewa hifadhi, hesabu yako ni nyingine kabisa. Majimbo mengi yanataka miezi 12 ya kuishi pale kabla ya muhula kuanza, pamoja na ushahidi kwamba hukuja kwa ajili ya masomo tu: kodi ya mapato iliyolipwa katika jimbo, mkataba wa nyumba, kazi, usajili wa gari. Baada ya hapo unalipa ada ya mkazi bila kuomba msamaha wa mtu, na ukiendelea kuishi jimboni hakuna wa kukunyang'anya. Kwa familia za Kikongo na Kirundi zilizopokelewa Louisville, Phoenix au Portland ya Maine, hii ndiyo njia ya kwanza, na kwa kawaida ndiyo bora kuliko zote. Mkimbizi na mwenye grini kadi wanaweza pia kuomba msaada wa serikali kuu wa masomo, kitu ambacho mwenye F-1 hana.

Kuna kundi dogo linalosahaulika: watoto wa wafanyakazi wa Benki ya Dunia na mashirika ya kimataifa, wenye viza ya G-4. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyokihusu Chuo Kikuu cha Maryland, kwamba hawawezi kunyimwa ada ya mkazi kwa sababu ya viza hiyo peke yake. Kama mzazi wako yuko huko kwa kazi ya namna hiyo, usikubali kujibiwa "wewe ni wa kimataifa" mlango ukafungwa hapo.

Mjomba aliye Dallas

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia zetu zinapoumia. Kwetu mjomba ni mzazi. Anakupokea uwanja wa ndege, unalala kwake, anakulipia simu, na ukiugua anakupeleka hospitali. Kwa ofisi ya msajili wa chuo, mjomba ni ndugu tu. Kwa kijana anayehesabiwa kuwa bado mtegemezi, ukazi unaotazamwa ni wa mzazi au wa mlezi aliyeteuliwa na mahakama. Kijana mwenye grini kadi ambaye wazazi wake wanaishi Minnesota, akihamia kwa shangazi Texas mwaka mmoja kabla ya chuo, kwa kawaida bado ni mtu wa Minnesota. Akitaka kuhesabiwa mwenyewe, atatakiwa aonyeshe kwamba anajitegemea kweli: anajilipia maisha, na hakuna mzazi aliyemwandika kama mtegemezi kwenye fomu za kodi.

Kwa hiyo, familia ikipanga nani akae na nani, jambo la kujua mapema ni kwamba mzazi akihamia jimbo lenye chuo mnachokitaka mwaka mmoja kabla, inafaa. Mtoto akihamia peke yake, mara nyingi haifai. Ulezi wa kisheria unawezekana, lakini ukifanywa miezi miwili kabla ya chuo kwa ajili ya ada tu, ofisi italiona hilo.

Skolashipu ndogo inayobeba msamaha mkubwa

Kwa mwenye F-1 wa shahada ya kwanza, njia ninayoipenda kuliko zote iko Texas. Sheria ya elimu ya jimbo hilo inasema mwanafunzi wa nje aliyepata skolashipu ya ushindani ya angalau dola 1,000, iliyotolewa na kamati ya chuo na kushindaniwa pamoja na wakazi wa Texas, anaweza kutozwa ada ya mkazi kwa kipindi cha skolashipu hiyo. Raia wa nchi nyingine hajaachwa nje. Katika miaka ya karibuni, tofauti kati ya ada ya mkazi na ya asiye mkazi katika vyuo vya umma vya Texas imekuwa zaidi ya dola 400 kwa kila krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo. Ukichukua krediti 30 kwa mwaka, zile dola 1,000 zinakuondolea zaidi ya dola 12,000.

Masharti yake ni makali kuliko yanavyoonekana. Chuo hakiwezi kutoa misamaha hii kwa zaidi ya asilimia 5 ya idadi ya wanafunzi waliosajiliwa muhula kama huo mwaka uliotangulia, kwa hiyo kuna foleni. Baadhi ya vyuo vimejiwekea kiwango kinachozidi dola 1,000. Skolashipu ya Rotary ya mtaani kwenu au ya kanisa haifungui mlango huu, hata iwe ya dola 5,000, kwa kuwa haikutolewa na kamati ya chuo. Na msamaha hauzidi miezi 12 kwa kila tuzo: mwaka unaofuata unaomba upya, na tuzo ikisitishwa, muhula unaofuata unarudi kwenye bei ya mgeni.

Majimbo mengine yana misamaha inayofanana kwa jina lakini tofauti kwa sura. Florida ina msamaha kwa wajukuu: mwanafunzi wa jimbo jingine ambaye bibi au babu yake ni mkazi halali wa Florida, mwenye alama za juu sana za SAT, mtihani wa kuingilia vyuo, anaweza kusamehewa nyongeza, na nafasi ni 350 kwa jimbo zima. Kwa wengi wetu hiyo haitufikii. California, tangu 2001, ina sheria ya AB 540 inayomwondolea nyongeza aliyesoma sekondari ndani ya jimbo miaka mitatu na kuhitimu huko. Hiyo inawafaa vijana wetu waliokulia San Diego au Sacramento, haimfai anayetoka Kibaha kwa F-1.

Kazi ya usaidizi, kwa wanaokwenda uzamili na uzamivu

Ukiwa unaomba shahada ya uzamili, na zaidi uzamivu, anza na idara kabla ya ofisi ya ada. Nafasi ya msaidizi wa kufundisha au wa utafiti mara nyingi huja na msamaha wa ada, wa nyongeza tu au wa ada yote, pamoja na posho ya kila mwezi. Huko Texas sheria inampa ada ya mkazi msaidizi aliyeajiriwa angalau nusu ya muda katika kazi inayohusiana na shahada yake, bila kujali amekaa jimboni muda gani. Sheria hiyohiyo inamtaja na mwenzi wake na watoto wake. Kwa mwanafunzi mwenye familia hilo ni jambo kubwa, ila aliyekuja na mumewe au mkewe kwa viza ya F-2 akumbuke kwamba mwenzi huyo haruhusiwi kusoma muda wote. Anaweza kuchukua masomo machache.

Gharama ya njia hii ni muda. Nusu ya muda wa kazi ni saa 20 kwa wiki, na saa 20 ndicho kikomo cha mwenye F-1 kufanya kazi chuoni wakati wa muhula. Maana yake kazi ya maktaba au mgahawa wa chuo huwezi kuiongeza. Posho hiyo ndiyo kipato chako chote, na inakatwa kodi. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo nafuu anayoipata mwanafunzi wa Misri wewe huitegemei.

Ninachokiona kuwa kizuri zaidi katika njia hii ni kwamba msamaha unakwenda na mtu anayekuhitaji. Profesa aliyekuajiri kwa utafiti wa miaka mitatu ana sababu ya kupigania ada yako. Ofisi ya skolashipu ina maelfu ya majina. Lakini mwandikie kabla ya kutuma maombi, ukimweleza kazi zako kwa aya mbili na kumuuliza kama ana fedha za msaidizi mwaka huo, usisubiri barua ya udahili ndipo uanze kuuliza.

Makubaliano ya majimbo

Hii ni kwa wakazi wa Marekani, na inatumiwa na watoto wetu wachache kuliko inavyostahili. Majimbo 15 ya magharibi, kuanzia Alaska hadi New Mexico, yana mpango wa WUE unaomruhusu mkazi wa jimbo moja kusoma katika jimbo jingine kwa kisichozidi asilimia 150 ya ada ya mkazi. Majimbo kadhaa ya kati magharibi yana mpango wao wenye kiwango hichohicho katika vyuo vya umma. Kusini kuna Academic Common Market, ambao unatoa ada ya mkazi kamili, kwa sharti kwamba kozi unayoitaka haitolewi katika jimbo lako. New England, kaskazini-mashariki, nayo inatoa punguzo kwa mantiki karibu na hiyo. Minnesota ina makubaliano yake na Wisconsin, North Dakota na South Dakota.

Tuseme binti wa familia ya Kikongo, mkazi wa Kentucky, anataka kozi ambayo hakuna chuo cha umma cha jimbo lake kinachoifundisha, na ipo Tennessee au Alabama. Kwa mpango wa kusini analipa kama mwenyeji. Inabidi jimbo lake limthibitishe kwanza, na kozi iwe kwenye orodha. Akifika mwaka wa pili akaona anapenda uhasibu zaidi, msamaha umekwisha, kwa kuwa uhasibu upo Kentucky. Kijana asiye na uhakika na kozi asipande njia hii. Bora WUE, ambayo katika vyuo vingi haikubani hivyo, ingawa baadhi huondoa kozi zenye wengi kama uuguzi. Na miaka unayosoma kwa WUE kwa kawaida haihesabiwi kuelekea ukazi wa jimbo ulilokwenda, maana umesamehewa kwa kuwa wewe ni wa kwingine.

Vyuo vyenye bei moja

Vipo vyuo vya umma vilivyoamua kuachana na bei mbili. Minot State, North Dakota, hutoza ada ileile bila kuuliza umetoka wapi. North Carolina ilianzisha mwaka 2018 mpango wa NC Promise katika vyuo vyake kadhaa, ikiwemo UNC Pembroke, Elizabeth City State na Western Carolina, ambapo ada iliwekwa dola 500 kwa muhula kwa wakazi na dola 2,500 kwa wa nje. Huko bei ya mgeni inakaribia bei ya mwenyeji wa mahali pengine. Na kwa wenye alama nzuri sana na uwezo mdogo, Berea College ya Kentucky, ambacho ni chuo binafsi, hakitozi ada ya masomo mwanafunzi yeyote, ila nafasi za wa kimataifa ni chache na ushindani wake ni mkali.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna kinachoweza kuondolewa. Hakuna fomu ya kila mwaka wala GPA, yaani wastani wa alama, ya kulinda ili bei isipande. Upungufu ni kwamba huchagui sana mahali wala kozi, na Minot baridi ya Januari hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mzazi anayelipa kutoka mfukoni, na ambaye mshtuko wa mwaka wa pili utamvunja, ninamshauri aanze kutafuta hapa kabla ya kwingine.

Barua mbili mezani

Chukua kijana aliyemaliza kidato cha sita, mkononi ana barua mbili. Ya kwanza ni ya chuo cha Texas: ada ya asiye mkazi dola 24,000 kwa mwaka, skolashipu dola 1,000. Ya pili ni ya chuo cha jimbo jingine: ada dola 20,000, skolashipu ya wa kimataifa dola 8,000 kila mwaka kwa miaka minne. Nyumbani kila mtu anaikimbilia ya pili, kwa kuwa 8,000 ni kubwa kuliko 1,000.

Sasa soma mstari wa chini wa barua ya kwanza, ule unaosema skolashipu hii inampa mwanafunzi sifa ya ada ya mkazi. Kwa krediti 30, zinaondoka dola 12,000. Toa na 1,000, inabaki 11,000. Barua ya pili inabaki 12,000. Texas ni nafuu kwa dola 1,000 mwaka wa kwanza.

Lakini mwaka wa pili? Texas inaombwa upya. Kijana akiteleza katika masomo ya pili na ya tatu ya kalkulasi, wastani ukashuka chini ya kiwango cha kamati, ada yake inaruka kutoka 11,000 hadi 24,000. Katika barua ya pili, hata akipoteza skolashipu yote, anafika 20,000, na masharti ya kuihifadhi yameandikwa kwa miaka minne. Mimi ningemwambia mwanafunzi mwenye alama za juu tangu kidato cha nne, anayekwenda kusoma kitu anachokimudu, achukue Texas. Anayekwenda uhandisi huku akijua hisabati inampa shida, au ambaye mlipaji wake ni mtu mmoja tu, achukue ya pili, na dola 1,000 za ziada kwa mwaka azihesabu kuwa ni bei ya utulivu.

Zote mbili zina kitu ambacho barua huandika kwa herufi ndogo: msamaha unagusa ada ya masomo, haugusi tozo za lazima, bima ya afya wala tozo ya wanafunzi wa kimataifa. Omba jedwali la gharama zote baada ya msamaha, si kabla.

Sheria inayotoa inaweza kurudi nyuma

Mwaka 2025 umetufundisha hilo waziwazi. Florida, ambayo tangu 2014 iliwasamehe nyongeza hata vijana wasio na hati za uhamiaji waliosoma sekondari za jimbo hilo miaka mitatu mfululizo, iliwaondoa kuanzia tarehe 1 Julai 2025, wakiwemo waliokuwa tayari katikati ya masomo. Texas, jimbo la kwanza kuwapa vijana kama hao ada ya mkazi mwaka 2001, ilisimamishwa na mahakama ya shirikisho mwezi Juni 2025 baada ya serikali kuu kushtaki na jimbo kukubali. Msamaha wa skolashipu ya ushindani na ule wa wasaidizi ni vifungu vingine, na havikuwa sehemu ya kesi hiyo. Mwenye ndugu aliyeguswa na mabadiliko hayo amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote ya ukazi, maana kudai hadhi usiyokuwa nayo kunaweza kuharibu mengi zaidi ya ada.

Kabla ya kulipa amana ya kukubali nafasi, iandikie ofisi ya misaada ya fedha barua pepe moja yenye maswali haya: msamaha wangu unatokana na kifungu au mpango gani, unadumu mihula mingapi, unataka GPA gani na krediti ngapi kwa muhula, unahusu muhula wa kiangazi, na nikiupoteza naweza kuurudisha? Omba majibu kwa maandishi. Kisha hakikisha msamaha umeingia kwenye I-20, fomu ya chuo ya kuombea viza, kabla haijatolewa. I-20 yenye gharama za mgeni wa bei kamili itakulazimisha uonyeshe fedha za benki ambazo huzihitaji, na pale dirishani Nairobi au Dar es Salaam ofisa atakuuliza nani analipa akiwa ameshika karatasi isiyotaja msamaha wako. Kuirekebisha huchukua muda, na kalenda ya miadi ya ubalozi haikusubiri.